Mpasuko sugu wa njia ya haja kubwa: kukatwa msuli, sindano, au kuendelea na dawa ya kupaka?

Mama_Kihonda
Wadau, habari za jioni. Naandika wazi kwa sababu ugonjwa huu wengi tunaugulia ndani kwa aibu. Nina mpasuko kwenye njia ya haja kubwa, upande wa nyuma, tangu mwaka jana. Choo kikipita naumia vibaya, maumivu yanatulia kidogo, kisha unakuja mkazo ambao unanishika masaa. Nafundisha nikiwa nimesimama kipindi chote, kukaa siwezi. Duka la dawa walinipa dawa ya bawasiri, haikugusa kitu. Daktari wa upasuaji ndiye aliyechunguza, akaona na kinyama kimeota pembeni ya jeraha, akasema hili sasa ni sugu.

Nimetumia laktulosi ya kulainisha choo, nakalia maji ya uvuguvugu, nimepaka diltiazemu ya asilimia 2. Nafuu inakuja, halafu inarudi palepale. Sasa nimeambiwa nichague: kukatwa msuli au kuchomwa sindano ya Botox. Nilipojifungua mtoto wa pili nilichanika sana, nikashonwa. Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Naomba waliopitia waseme.

Dereva_Tanga
Pole sana dada. Mimi nilikatwa msuli, na nikiulizwa leo ningekubali tena asubuhi hiyohiyo. Walinipiga ganzi ya mgongoni, kazi yenyewe haikufika hata nusu saa, jioni nikarudi nyumbani. Kidonda cha upasuaji kinauma, nisikudanganye, lakini ule mkazo wa baada ya choo sikuusikia tena tangu siku ile. Mtu asiyeujua mkazo ule hawezi kuelewa ninachosema.

Wiki za mwanzo hewa ilikuwa inanitoka bila kuizuia, nikiwa na abiria ilinipa shida. Ikaja ikaisha yenyewe. Lakini dada, mimi mwanaume, sijawahi kuzaa. Hali yako pima kivyake.

Nesi_Likoni
Pole mwalimu. Dereva amesema neno la maana pale mwisho, wacha nilifafanue.

Kiini cha shida ni msuli wa ndani wa njia ya haja kubwa, ule unaofanya kazi bila wewe kuuamuru. Umekaza muda wote. Ukikaza hivyo, damu haifiki vizuri kwenye jeraha, hasa hapo nyuma katikati ambapo hata kwa mtu mzima wa afya damu ni chache. Jeraha lisilopata damu haliponi. Likiuma, msuli unakaza zaidi. Njia zote unazotajiwa zinafanya kitu kimoja: kuulegeza huo msuli. Zinatofautiana kwa muda zinaoulegeza, na kama unaweza kurudi ulivyokuwa.

Dawa ya kupaka inalegeza kwa saa chache tu. Ndiyo maana diltiazemu inapakwa mara mbili kwa siku, wiki 6 hadi 8 bila kukatiza, hata kama maumivu yameisha mapema. Wagonjwa wengi niliowahudumia huacha wakipata nafuu, na hapo jeraha bado halijafunga. Ipo pia nitrogliserini, hiyo ni maarufu kwa kuumiza kichwa, na mwanaume anayetumia Viagra au dawa za jamii hiyo asiiguse kabisa, presha inaweza kushuka kwa hatari. Kati ya wanaopaka sawasawa, takriban nusu hupona, pengine zaidi kidogo, na kwa baadhi yao unarudi baadaye.

Botox inalegeza kwa miezi miwili mitatu, kisha nguvu yake inaisha. Inaweza kumponya ambaye dawa ya kupaka ilimshinda, ila haiufikii upasuaji. Uzuri wake ni kwamba hata ukishindwa kuzuia hewa au ukavuja kidogo, hali hiyo huondoka dawa ikiisha mwilini.

Kukata msuli kunaponya zaidi ya wagonjwa 90 kwa kila 100. Dawa ya kupaka na Botox haviufikii. Lakini ule uzi wa msuli uliokatwa haurudi. Wengi wanaopata shida ya kuzuia hewa au kuchafua nguo hupona baada ya wiki kadhaa, wachache hubaki nayo. Kwa mama aliyechanika wakati wa kuzaa, msuli unaweza kuwa tayari umepungua bila yeye kujua, na kumpunguzia tena si jambo la kuamua harakaharaka.

Maswali mawili, mwalimu. Hiyo diltiazemu uliipaka wiki 8 mfululizo? Na hivi sasa, ukiwa na choo laini au hewa, unaweza kuzuia vizuri?

Mpishi_wa_Dona
Mimi sikufika hospitali ya upasuaji. Niliacha sembe nikahamia dona, maharage, mchicha, papai kila asubuhi, maji mengi. Ulipona. Dada usikimbilie kisu.

Tabibu_Mbeya
Mpishi, chakula ni msingi na mimi huwaandikia wagonjwa hivyohivyo. Mpasuko mpya, wa wiki mbili tatu, mara nyingi unapona kwa choo laini peke yake. Wa mwalimu una kinyama na ni wa tangu mwaka jana. Dona litamsaidia usirudi, lakini kuupona kwa dona tu ni matumaini madogo. Wakuu, tusimwambie avumilie. Amevumilia vya kutosha.

Niongeze mambo ambayo sijaona yametajwa. Kwanza, hospitali fulani bado utasikia habari ya “kupanua”, yaani mgonjwa analazwa usingizi kisha njia inavutwa kwa vidole. Ikitajwa, kataa. Msuli unachanika ovyo na hakuna anayejua umechanika kiasi gani. Upasuaji unaozungumziwa hapa ni wa kukata pembeni, kwa kipimo, kwenye msuli wa ndani pekee. Zamani walikuwa wanakata nyuma palepale kwenye jeraha, wagonjwa wakabaki na mfereji unaovujisha choo. Ndiyo sababu madaktari walihamia pembeni.

Pili, kwa mwanamke mwenye historia kama yako kuna njia nyingine: daktari anasogeza kipande cha ngozi ya jirani kufunika jeraha, bila kugusa msuli. Si kila hospitali wanafanya, lakini uliza.

Tatu, wako uko nyuma katikati, hiyo ni sehemu ya kawaida. Kwa wengine wanaosoma: mpasuko wa ubavuni, au mingi kwa pamoja, au usiouma, au unaokwenda na kukonda, homa au usaha, unataka vipimo kwanza. Kifua kikuu, VVU, kaswende, ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) na saratani vyote vinaweza kujionyesha hapo. Na mtu wa miaka 45 kwenda juu anayetokwa damu asiridhike kuambiwa “ni bawasiri” bila utumbo kuangaliwa.

Bi_Vuga
Assalaam alaykum. Mwalimu, mie nimezaa watano, na sababu yangu ya kuchagua sindano ni hiyohiyo yako. Ilinipa raha ya kwenda chooni bila kulia. Baada ya miezi kupita maumivu yakaanza kurejea, nikachomwa tena, na mara hii jeraha likafunga. Ghali, na bima yangu haikulipa. Lakini nasali, nakwenda harusini, nguo zangu safi. Kwangu hilo halina bei.

Ramadhani ikifika najilinda sana: maji toka futari hadi daku, na maganda ya isabgoli ya kulainisha choo kutoka duka la dawa. Choo kikigumia siku moja tu naogopa.

Mama_Kihonda
Mungu awabariki wote. Nesi, nimekaa nikajiuliza kwa ukweli: dawa nilipaka mpaka nikapata nafuu, nikaacha. Nilidhani ndiyo kupona, hakuna aliyeniambia habari ya wiki 8. Na swali la pili... hewa wakati mwingine inanipita, tangu nijifungue. Sikuwahi kumwambia daktari, sikujua kama vinahusiana.

Nesi_Likoni
Vinahusiana sana, na ndilo jambo la kwanza la kumwambia ukirudi. Mwambie umechanika, umeshonwa, na hewa inakupita. Muulize kama msuli unaweza kupimwa kwa ultrasaundi ya ndani kabla ya chochote. Hospitali kubwa za rufaa ndizo za kuulizia. Kwa hali hiyo mimi ningeweka kukatwa msuli mwisho wa mstari.

Tabibu_Mbeya
Nakubaliana. Wiki 8 kamili za kupaka, laktulosi isikatike, kisha Botox au kusogeza ngozi kama haijafunga. Wengine ambao misuli yao ni mizima wasichukue hili kama katazo. Kwa kijana wa kiume aliyemaliza dawa bila kupona, nampeleka akakatwe bila kusita.

Mama_Kihonda
Kliniki ni Alhamisi. Nimeandika kwenye karatasi: kuchanika, hewa, ultrasaundi, kusogeza ngozi. Swali la mwisho, kidole kinaingia ndani kiasi gani wakati wa kupaka? Naogopa kugusa.

Nesi_Likoni
Kiasi cha punje ya njegere kwenye kidole chenye glavu, unapaka mlangoni na kuingiza kidogo tu, kama sentimita moja. Usisukume hadi jeraha likaumia. Lala kidogo baada ya kupaka, hasa siku za mwanzo, kizunguzungu kinaweza kuja. Nawa mikono, hata kama ulivaa glavu.