Tupeane uzoefu: mliofika makanisa na vijiji vya kale vya Massachusetts, mliona nini?

Wakuu, habari za huko. Naishi Massachusetts, Marekani, na nikipata nafasi huwa nazunguka sehemu walikoanzia walowezi wa Kiingereza waliokuja kwa ajili ya dini yao. Panaponigusa zaidi ni Old Ship, mjini Hingham, nyumba ya ibada ya mwaka 1681 ambayo hadi leo inatumika. Ukiinua macho unaona boriti za mwaloni zimepinda kama mbavu za jahazi lililopinduliwa. Kwenye nyumba za namna hii watu walisali Jumapili asubuhi kwa saa kadhaa, wakaenda kula, wakarudi tena mchana, na Januari ndani hamna moto. Viti viligawiwa kwa heshima ya mtu mjini, na alikuwepo mzee wa fimbo wa kuwaamsha wanaosinzia. Siku nyingine mkutano wa mji ulikaa humohumo: kodi, njia, mipaka ya mashamba. Aliyefika popote kule, tafadhali atupe yake.

Mama watatu: Nilipeleka wanangu Plymouth, kwenye kijiji kilichojengwa upya kama kilivyokuwa miaka ya 1620. Kilimani kuna ngome: chini wanasali, juu mizinga. Mholanzi aliyewatembelea mwaka 1627 aliandika kwamba walikusanyika kwa mlio wa ngoma, kila mwanamume na bunduki yake, wakaenda ibadani kwa safu za watatu watatu. Kitindamimba wangu akauliza Krismasi wanakula nini. Akajibiwa siku hiyo wanafanya kazi tu, kwa kuwa haimo kwenye Biblia. Kwa jirani zao wa Boston sheria ya 1659 ilimtoza shilingi 5 atakayeisherehekea, ikafutwa 1681. Sisi wa pilau na nguo mpya tulitazamana!

Mkulima wa Lowell: Nyongeza ndogo, dada. Wa Plymouth walikuwa wamejitenga kabisa na Kanisa la Uingereza. Wa Boston, waliokuja 1630, walitaka kulisafisha wakiwa bado ndani yake.

Mtoto wa Shinyanga: Mimi nilifika Salem. Kuna mabenchi 20 ya mawe yaliyotokeza ukutani, kila moja na jina la aliyeuawa 1692 kwa tuhuma za uchawi, tarehe, na namna alivyouawa. Nikasimama kwa Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, mshirika wa kanisa. Baraza la mahakama lilimwona hana hatia, likarudishwa kufikiri upya, likambadilikia. Kanisa lake likamtenga, kisha akanyongwa. Nimekulia Usukumani, habari za vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi nazijua tangu utoto, kwa hiyo pale sikuweza kupiga picha. Jaji Samuel Sewall, mmoja wa waliohukumu kesi zile, alisimama kanisani Boston mwaka 1697, mchungaji akisoma maneno yake ya kukiri kosa mbele ya waumini. Namheshimu kwa hilo. Ila Rebecca alikuwa ameshakufa.

Mkongomani wa Worcester: Ndugu zangu, msiisahau Natick. Huko mchungaji John Eliot alianzisha mwaka 1651 kijiji cha wenyeji wa asili wa Amerika waliofuata Ukristo. Waliamriwa wakate nywele na waishi kama Waingereza. Biblia nzima ya kwanza kuchapwa Amerika, mwaka 1663, haikuwa ya Kiingereza. Ilikuwa ya lugha yao, na mmoja wa waliopanga herufi zake alikuwa James Printer, mwenyeji wa kabila la Nipmuc. Mimi husoma Biblia ya Kiswahili kila asubuhi, nikajiona ndani ya habari ile. Vita kati ya Waingereza na wenyeji vilipozuka 1675, Wakristo haohao wa Natick walikamatwa wakatupwa kwenye Deer Island, bandari ya Boston, kipupwe kinaingia. Wengi walikufa kwa njaa na baridi, na imani waliyoipokea haikuwaokoa machoni pa waliowafundisha. Biblia ile imebaki. Tangu miaka ya 1990 Jessie Little Doe Baird, wa kabila la Wampanoag lenye lugha hiyohiyo, ameitumia pamoja na maandishi mengine ya zamani kuirudisha lugha midomoni mwa watoto, akianza na binti yake.