Nyanya zanyauka zikiwa kijani: kubebesha juu ya bilinganya kunafaa?

bonde_wakiso: Wakuu, salaam. Shamba liko bondeni, udongo unashika maji. Nyanya zikianza kuzaa hulegea mchana, jioni zinanyanyuka kidogo, siku chache baadaye zimekufa na majani bado mabichi. Nimepiga mankozebu, wapi! Kuna miche inayobebeshwa juu ya bilinganya, yaani kichwa cha nyanya kinaunganishwa kwenye shina la bilinganya. Inafaa au ni kupoteza pesa?

bwanashamba_mkn: Mankozebu ni ya ukungu. Hizo ni dalili za mnyauko bakteria, Ralstonia, lakini hakikisha kwanza. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ndiyo yenyewe. Zisipoonekana, na majani ya chini yalitangulia kuwa ya njano, shuku fuzariamu, mnyauko wa ukungu. Mche ulioambukizwa haupokei dawa, hata muuza pembejeo aape. Ng'oa na udongo wa mizizi yake, usiutupe mfereji wa maji.

kitalu_juu: Kwa bonde lako inafaa. Bilinganya aina ya EG203 ya World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga, inastahimili bakteria hiyo, minyoo fundo ya mizizi na pia maji yanayotuama. Ipande kitaluni siku kadhaa kabla ya nyanya, maana hukua polepole. Mashina yote mawili yakifika unene wa milimita 1.6 hadi 1.8, kata bilinganya juu ya majani mbegu (yale mawili ya kwanza), mshazari wa nyuzi 30, na nyanya vivyo hivyo. Unganisha kwa kimrija cha mpira chenye uwazi wa milimita 2, urefu 10 hadi 12. Nyuso zigusane kabisa. Pakibaki hewa katikati, kichwa kinakauka. Wembe uwe mpya, uchovye kwenye jiki.

Kisha miche ikae ndani ya nailoni na kivuli, joto 25 hadi 30, unyevu zaidi ya asilimia 85. Baada ya wiki fungua kidogo kidogo, wiki nyingine ikomae nje kivulini.

Wengi huharibu wakati wa kuhamishia shambani: wanazika kiungo. Shina la nyanya likigusa udongo hutoa mizizi, bakteria inapita humo, na bilinganya haina kazi tena. Kiungo kibaki juu, weka miti ya kuegemeza mapema, ondoa machipukizi ya bilinganya.

mama_pilipili: Ila kubebesha hakuzuii baka jani wala Tuta absoluta, yule nondo wa nyanya, hivyo bajeti ya dawa haipungui sana. Jaribu pia nyanya aina ya MT56 ya Chuo Kikuu cha Makerere, inayovumilia mnyauko huu. Na maji ya shamba la juu yakingwe kwa mtaro, la sivyo yanakuletea ugonjwa kila mvua. Zungusha na mahindi, vitunguu au kabichi. Si viazi, pilipili, entula (nyanya chungu) wala nakati, mboga ya majani ya jamii hiyo hiyo.

bonde_wakiso: Entula haiwezi kuwa mche wa chini? Mbegu iko kila soko.

kitalu_juu: Aina na aina. Nyingine hufa upesi kama nyanya. Jaza vikopo udongo wa pale palipokufa, panda entula yako pamoja na nyanya ya kawaida. Nyanya ikinyauka na entula isimame, hapo ndipo ununue mirija.