Kutoka Kisumu hadi Lamu na familia: Agosti au Desemba?

Mama_Dunga (Kisumu)
Hamjambo wakuu. Tunapanga likizo ya siku sita Lamu: mimi na mzee wangu, watoto wawili (miaka 7 na 11), pamoja na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tunachotaka ni mji wa kale wenyewe, magofu ya Takwa, ufuo wa Shela, na samaki wa bahari baada ya miaka mingi ya mbuta na omena. Shule zikifungwa Agosti ndiyo nafasi rahisi kwetu, lakini Desemba pia inawezekana. Ipi bora? Na tusafiri vipi bila kuwachosha mama na watoto? Tungependa pia kujua ni mambo gani hasa huwaharibia wageni mpango wao wakishafika.

Binti_Amu (Kisumu, kwetu ni Pwani)
Karibu sana dada. Kinachowaharibia mpango watu wa huku bara ni kimoja: wamezoea ziwa. Pale ufuoni Dunga mashua inaondoka saa yoyote kwa sababu ziwa halijai wala halikupwi. Lamu bahari hupanda na kushuka karibu meta 3 siku za bamvua, yaani maji makubwa, na hiyo ndiyo inayoamua utaenda wapi na saa ngapi. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, angalia mwezi.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapo ni bamvua: maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na tena alasiri, na hukupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji hujaa saa nne asubuhi, ila hayapandi sana. Hayo ndiyo maji mafu.

Sasa chukua Takwa. Iko kisiwa cha Manda, na mashua hufika kwa kupita mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko. Maji yakitoka pale hubaki tope. Ukienda saa mbovu utashushwa mbali na kutembea kwenye tope hadi magotini, jambo ambalo mama mkwe hataliweza, au utaingia vizuri kisha mashua ikae chini na mngoje masaa. Mnatakiwa kufika kama saa moja kabla ya maji kujaa kabisa, mzunguke kwa saa moja na nusu, muondoke. Siku zinazofaa ni kama tarehe 10 hadi 12 za mwezi wa Kiislamu, au 25 hadi 27, maana maji hujaa mchana na yana kina cha kutosha. Siku za maji mafu nahodha mkweli atakwambia mngoje.

Mkifika, tafuteni msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya kibla, halafu lile kaburi la nguzo lililo nje ya ukuta, lenye tarehe ya Hijria inayolingana na 1681 au 1682. Mji ulihamwa karne hiyohiyo ya 17, na watu wa Shela huhesabu asili yao huko. Waelezeni watoto hilo kabla hamjafika, wasije wakaona mawe tu.

Kuhusu miezi: Agosti upepo wa kusi bado unavuma. Mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda umekingwa, kwa hiyo Takwa hamtaikosa, lakini safari za nje kama kisiwa kidogo cha Manda Toto huwa na mawimbi makali na wavuvi wengi hawaendi mbali, ndipo samaki wazuri hupanda bei. Desemba ni upepo wa kaskazi, maji yana utulivu zaidi, ila vyumba hujaa na bei hupaa karibu na Krismasi na Mwaka Mpya. Mimi ningechagua wiki mbili za kwanza za Desemba bila kusita. Jambo la mwisho la kalenda: Maulidi. Mfungo Sita (mwezi wa tatu wa Kiislamu), hasa wiki yake ya mwisho, wageni humiminika kwa ajili ya Msikiti wa Riyadha. Ni siku nzuri mno, lakini chumba utakitafuta mapema. Tarehe hizo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo zitazame upya.

Fundi_wa_Njia (Nakuru)
Mama Dunga, upande wa safari. Msiunganishe yote kwa mkupuo. Basi la usiku kutoka Kisumu litawafikisha Nairobi alfajiri, kisha kuna treni ya Mombasa kutoka Syokimau. Kata tiketi mapema maana siku za likizo hujaa, na fika angalau saa moja kabla kwa sababu ya foleni ya ukaguzi wa mizigo. Laleni Mombasa. Asubuhi mapema chukueni basi la Lamu kupitia Malindi, Garsen na Witu. Ni kama kilomita 340, na kati ya Garsen na Lamu kuna vizuizi vya polisi na mabasi husindikizwa, ndiyo maana hayaondoki mchana. Kila mtu mzima awe na kitambulisho mkononi, na watoto nakala za vyeti vya kuzaliwa. Asiye na kitambulisho huwachelewesha abiria wote.

Basi huishia Mokowe, bara. Hapo mnavuka kwa mtaboti, yaani mashua ya injini. Kuna wa abiria wote na kuna wa kukodi peke yenu. Wapagazi watawaelekeza kwenye wa kukodi msipouliza. Taja nauli kabla mzigo haujashikwa. Mvae maboya ya kujiokolea, hata kama wenyeji hawayavai.

Mkiamua kuruka, uwanja wa ndege uko Manda, si Lamu, kwa hiyo bado kuna mashua ya kuvuka. Mtego mkubwa ni Nairobi: ndege ya kutoka Kisumu inaweza kutua uwanja wa Jomo Kenyatta na ya Lamu ikaondoka Wilson. Acha nafasi ya saa nne katikati. Ndege nyingine ndogo huruhusu kilo 15 tu za mzigo, na hupendelea begi laini.

Gari lenu liacheni nyumbani. Mji wa kale ni wa miguu na punda.

Mama_Dunga
Asanteni sana, jamani. Akili yangu imeshaelekea Desemba. Binti Amu, mama tumweke mjini au Shela? Na chumba cha namna gani?

Binti_Amu
Mjini, dada. Ukimweka Shela atategemea mashua kila anapotaka kwenda mjini. Kwa miguu ni kama kilomita 3, na maji ya bamvua yakijaa njia ya ufuoni hufunikwa, mtu akalazimika kupita ndani kwenye mchanga.

Nyumba za kale zina ghorofa mbili au tatu na ngazi zake ni nyembamba, vidato virefu, mara nyingi bila pa kushika. Vyumba vinavyosifiwa ni vya juu, chini ya makuti, kwa sababu ya upepo. Kwa magoti yake uliza neno kwa neno: "chumba cha chini, choo ndani, kuna vidato vingapi kutoka mlangoni?" Omba na picha ya ngazi. Nyumba iwe karibu na Mkunguni, ule uwanja ulio mbele ya ngome (ilimalizwa 1821, ndani kuna baridi nzuri wakati wa adhuhuri), ili akitoka apate pa kukaa na kutazama watu. Watoto wakipotea vichochoroni waambie wafuate mteremko wa mitaro: hushuka baharini.

Shela nendeni asubuhi, mkiogelea karibu na kijiji. Kadiri mnavyokwenda mbele kwenye ule ufuo wa kilomita 12 ndivyo bahari inavyokuwa wazi bila mwamba wa kuvunja mawimbi. Na watoto wasichimbe wala kuteremka vile vilima vya mchanga kwa vurugu: maji matamu ya mji yanatoka chini yake. Nguo za kuogelea ziishie ufuoni. Mjini mabega na magoti yafunikwe.

Mpishi_Kibuye (Kisumu)
Naongeza la samaki. Nunueni asubuhi mashua zinaporudi. Mkono wa mzoefu wa mbuta unatosha: funua matamvua, yawe mekundu, jicho liwe limejaa, si la ukungu, bonyeza mgongoni, nyama irudi. Changu na tafi ni wa kuchoma, nguru ni wa kukata vipande, kolekole anapendeza kwa kupaka. Mpe mpishi wa nyumba muda wa saa tatu, kwa sababu tui zito la kupaka hutiwa mwishoni kwa moto mdogo. Akiharakishwa, tui hukatika likawa mafuta na maji. Bunju msimguse hata akitolewa bure, ana sumu.

Wa kuleta Kisumu awe ng'onda, yule aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa juani. Samaki mbichi kwenye barafu hatafika salama kwa safari ya siku mbili. Chagua aliyekauka hadi kwenye uti wa mgongo, mfunge kwa magazeti tabaka mbili kisha gunia, si karatasi ya nailoni, maana hutoa jasho na kuota ukungu. Kabla ya kumpika mloweke usiku kucha na ubadilishe maji mara mbili.