Kurusha kisomo cha arobaini kwa simu, wazee wa Muleba wasikie

KUTOKA NTINDA

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ahsanteni kwa rambirambi na kwa wote mliofika mazikoni. Kisomo cha arobaini ya baba mkwe tutakifanya hapa nyumbani Kampala Jumamosi baada ya Adhuhuri. Wazee wa Muleba, Tanzania, hawaiwezi tena safari ya kupita mpaka wa Mutukula, na wengi wao wana vitochi tu, simu ndogo zisizo na intaneti. Wajukuu walioko Muscat na London nao wanaomba wasikie. Kijana wa kamera ametaja bei ya kurusha video ambayo familia haina. Je, simu inaweza kuifanya kazi hii?

KUTOKA BWEYOGERERE

Wa alaykum salaam dada yangu. Mola amrehemu mzee.

Inaweza, na ningekuomba video uiache kabisa. Kisomo ni cha kusikilizwa. Sauti ya kilobiti 32 kwa sekunde inakula chini ya MB 15 kwa saa nzima, na ukiipandisha hadi 64 hufiki MB 30. Video ya megabiti moja tu inamaliza MB 450 kwa saa hiyohiyo, na mtandao ukiyumba picha inaganda na dua inakatika. Bando hapa Uganda tunalipia na ushuru wa asilimia 12 juu yake tangu Julai 2021, ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilipoondolewa. Wasikilizaji nao wana bando zao za kuhurumia.

Facebook isikupotezee muda. Ilifungwa hapa Januari 2021, na tangu hapo watu huingia kwa VPN. YouTube kwa simu inataka chaneli iwe na wafuasi 50 kwanza, na kibali cha mara ya kwanza huweza kuchukua saa 24. Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40, labda katikati ya Yasin. Simu ya kundi ya WhatsApp inabeba watu 32, lakini mmoja akisahau kuzima maiki, nyote mtasikia jiko lake. Mimi ningefungua chaneli ya faragha ya Telegram na kurusha sauti humo. Wasikilizaji wanaingia wakiwa wamenyamazishwa, na unaweza kurekodi kwa ajili ya waliokuwa kazini.

Ifanye iwe ya faragha kweli, kiungo wapewe jamaa tu. UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, ilitangaza mwaka 2018 kwamba wenye redio na televisheni za mtandaoni waombe idhini. Kisomo cha familia kibaki cha familia.

Sasa simu yenyewe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu akikupigia katikati ya matangazo, sauti inakatika, na siku ya arobaini watapiga tu, wanauliza njia ya kufika. Kwa hiyo tumia simu mbili: moja iwashe hotspoti na ikae dirishani penye mtandao mzuri, ya kurushia iweke kwenye hali ya ndegeni, kisha uiwashie Wi-Fi peke yake. Simu za kawaida hazitaiingilia. Iwe kwenye chaja au pawabenki tangu mwanzo, maana umeme wetu mnaujua. Iweke kama hatua moja mbele ya sheikh, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza ikigongwa isisikike. Usiielekeze kwenye spika kubwa, itapasua sauti.

Wenye vitochi tafadhali msiwasahau, maana hawa ndio wenye mzee wao. Mtafute kijana aliyeko Bukoba mwenye simu mbili. Kwa simu janja asikilize chaneli. Kwa ya pili awapigie wazee kwa dakika za Tanzania na kuwaunganisha, kwa kawaida hadi watu watano kwa simu moja. Azilaze simu hizo karibu, spika kwa maiki. Ni rahisi mno kuliko wewe kupiga ukivuka mpaka.

KUTOKA JINJA

Pole sana mama. Naongeza neno moja kutoka kwaya yetu ya kanisani. Programu nyingi za simu huondoa kelele zenyewe, na kwao kuimba kwa pamoja ni kelele. Msomaji mmoja atasikika vizuri. Watu wote wakiitikia, sauti inazama. Tafuteni kwenye mipangilio mahali pa kupunguza kelele, mpazime. Kwenye kitochi hilo halina dawa: simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Maneno yatafika, uzito wa sauti hautafika.

KUTOKA NTINDA

Mungu awalipe kheri. Shemeji yangu wa Bukoba amekubali, na simu mbili anazo. Kaka wa Bweyogerere, wazee wanauliza kama nao wataweza kuitikia "amin" tukawasikia.

KUTOKA BWEYOGERERE

Kwenye chaneli hapana, na sauti itawafikia ikiwa imechelewa kidogo, kwa hiyo amin yao ingegongana na dua inayofuata. Waitikie hukohuko kwao. Dua ikiisha, shemeji akupigie simu ya kawaida na mzee mkubwa kuliko wote aseme neno, sisi tutaiweka karibu na maiki ya sheikh. Nitafika Ijumaa baada ya Alasiri na simu ya pili. Mwambie shemeji awe hewani saa kumi na moja tujaribu, na wazee wawili wenye vitochi wawe tayari.