Mama wa dagaa Kibirizi kapokea hela yangu kwa MFUKO WA NAILONI!!!

Wakuu, natoka mwaloni sasa hivi, mikono inatetemeka. Yule mama mnamjua, Kigoma nzima inamjua, akiita mteja wanaitika mpaka Kalemie. Nimempa noti, kaangalia vidole vyangu vyenye chunjua, vile vinundu vigumu vya ngozi, kavaa mfuko mkononi, ndo akapokea. MFUKO WA NAILONI! Serikali imeupiga marufuku tangu 2019, yeye kautunza unisubiri mimi!

Halafu kwa sauti: "We mtoto, ulichezea vyura?" Mwalo mzima ukageuka. Hata migebuka kwenye beseni iligeuka.

Vyura gani? Chunjua inaletwa na kirusi, HPV, kinapita kwenye mchubuko. Chura hahusiki hata umbusu. Inaambukiza kwa kugusana, sikatai, na taulo wala wembe sichangii na mtu. Lakini mfuko jamani! Kaingiza mpaka kiwiko!

Mvuvi Mstaafu: Pole mkuu. Mimi ningevaa miwili.

Kaka Mwanga: 😂😂 Paka maji ya betri zinatoka.

Dada wa Ujiji: Shemeji yangu alipaka. Chunjua ilitoka, na ngozi ikaifuata. Msidanganyane! Famasi kuna dawa ya asidi ya salisiliki. Loweka kidole maji ya vuguvugu, sugua taratibu, paka juu ya chunjua tu, kila siku, hata wiki 12. Usoni na sehemu za siri usiguse, na mwenye kisukari aanzie kwa daktari. Za watoto nyingi hupotea zenyewe ndani ya miaka 2. Na wewe mleta mada acha kung'ata kucha, utazihamishia mdomoni.

Mleta mada: Asante dada. Ila ungeuona ule mfuko! Kaukunja vizuri kabisa kaurudisha kwenye sidiria, na hela yangu humo humo.

Mvuvi Mstaafu: Kumbe hela kaipenda 😂

Kaka Mwanga: Mfuko si hoja. Dagaa zake zina mchanga, nusu kilo unajengea choo.

Mnyamwezi Halisi: Afadhali nyie. Huku Tabora nimeuziwa asali, kufika nyumbani ni sukari iliyochemshwa. Nyuki hajawahi hata kupita karibu!

Dada wa Ujiji: Na wa mawese je? Juu mawese, chini maji.

Kaka Mwanga: Yule mwenye madumu ya bluu?

Dada wa Ujiji: Huyo huyo! Na wewe kakupiga?

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye mfuko

Mnyamwezi Halisi: Madumu ya bluu ndo nani?