Nijifunze lugha gani ili nichangie programu huria? Niko Goma, mashine yangu ni RAM GB 4

Birere_243 · Goma

Jambo yenu wakubwa. Nataka kuanza kuchangia miradi ya chanzo huria lakini kwenye lugha nimekwama. Huyu anasema Rust, yule Python, mwingine anasema bila C wewe si mwanaprogramu bado. Hali yangu: najua HTML, PHP ya chuoni na MySQL kidogo. Mashine ni ya zamani, RAM GB 4, diski GB 128, ina Windows 10 na Ubuntu pembeni. Umeme hukatika bila kupiga hodi na betri haifiki dakika 40. Intaneti ni ya simu, kama GB 3 kwa wiki. Kifaransa nasoma vizuri, Kiingereza cha kusukuma. Nina saa 2 kila usiku. Nishike lugha moja mwaka mzima, ama mbili kwa pamoja?

Yaya_Kadutu · Bukavu

Mdogo wangu, umelishika swali miguu juu. Hakuna anayechangia "Python". Mtu anachangia programu fulani, na hiyo programu ilishachagua lugha yake kabla yako. Tafuta kwanza programu, lugha itakuja yenyewe.

Hapo Goma mfano uko mlangoni. Wahoji wanaozunguka mitaani na simu wakijaza fomu wengi wanatumia KoboToolbox. Seva yake ni Python na Django. Fomu za kujaza kwenye kivinjari ni Enketo, JavaScript. KoboCollect ya simu imetokana na ODK Collect, ambayo ni Java na Kotlin. Na ile faili ya Excel yenye karatasi za `survey` na `choices` inageuzwa kuwa fomu na maktaba inayoitwa pyxform, Python tupu. Au chukua ramani, OpenStreetMap: tovuti ni Ruby on Rails, kihariri cha iD ni JavaScript, JOSM ni Java, StreetComplete ni Kotlin, osm2pgsql ni C++. Sasa ukiniuliza "lugha ya ramani ni ipi" nikujibu nini?

Kwa hali uliyoeleza, mimi ningekuelekeza pyxform. Haihitaji seva, haihitaji hifadhidata, haihitaji Docker. Inapokea Excel, inatoa XML, basi. Majaribio yake unayaendesha kwa `python -m unittest` kwenye mashine yako bila intaneti. Na kama umewahi kutengeneza XLSForm, yaani hiyo fomu ya Excel, yenye `relevant` na `constraint`, unajua tayari ni wapi watumiaji wanakwaruzwa. Ujuzi huo mwanaprogramu wa ng'ambo mara nyingi hana.

Lugha moja, miezi 6. Ya pili itajileta.

Katuba_C · Lubumbashi

Yaya amesema vizuri lakini msimtishe kijana na C. Kwenye RAM GB 4 hakuna lugha nyepesi kama hiyo. gcc haili chochote. curl, kwa mfano, ni C, na mashine kama hiyo inaikompaili bila shida.

Linux yenyewe ni C, na tangu toleo 6.1 la Desemba 2022 imefungua mlango kwa Rust. Ila jua mambo mawili. Kwanza, kernel, yaani kiini cha Linux, haipokei maombi ya kuunganisha mabadiliko kupitia GitHub, tovuti inayohifadhi miradi. Kiraka, yaani faili ya mabadiliko yako, kinaenda kwa barua pepe, maandishi matupu bila HTML, kwa `git send-email`. Kabla ya kutuma unakipitisha kwenye `scripts/checkpatch.pl`, halafu `scripts/get_maintainer.pl` inakuambia umtumie nani. Komiti (mabadiliko yaliyowekwa kwenye Git, programu inayotunza historia ya kodi) lazima iwe na mstari wa `Signed-off-by`, unaoupata kwa `git commit -s`. Ukikosa huo mstari kiraka hakiingii. Pili, leseni kuwa wazi si sawa na mlango kuwa wazi. SQLite ni mali ya umma kabisa, kila mtu anaichukua, lakini haipokei viraka vya wapita njia. Soma faili ya `CONTRIBUTING` kabla ya kujifunza lugha ya mtu kwa ajili ya mradi wake. Na ripo (folda ya mradi inayotunzwa na Git) isiyo na faili ya leseni si huria, hata kama kodi yote unaiona.

Himbi_root · Goma

Katuba, C ni nyepesi kwa mashine, si kwa mhakiki. Mwanzoni utasahau `free()` ya kurudisha kumbukumbu hapa, utazidisha nafasi ya kumbukumbu pale, na msimamizi atakurudishia kiraka mara 5. Kwenye Python kosa linakulipukia wewe mwenyewe, hapo hapo, na namba ya mstari. Kwa mtu wa saa 2 usiku hiyo ni tofauti kubwa.

Rust: lugha nzuri, na `rustup doc` inakufungulia kitabu chote bila mtandao. Lakini folda ya `target` inanenepa hadi gigabaiti kadhaa kwa mradi mmoja, na rust-analyzer ndani ya kihariri inaweza kumaliza RAM yako peke yake. Ukilazimika, tumia `cargo check` badala ya `cargo build`, na `-j 1`. Android ndiyo usiiguse kwanza: Android Studio inataka RAM GB 8 kama kiwango cha chini, na Gradle, zana yake ya kujenga programu, itakunywea mega za wiki kwa siku moja.

Sasa yale ya hapa kwetu, ambayo vitabu vinaruka.

Mega. `git clone` ikikatika katikati haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Kwa hiyo usichukue historia yote kwa mkupuo:

`git clone --depth 1 <anwani>`
`git fetch --deepen 200`

Mstari wa pili unaurudia kila ukiwa na mtandao mzuri. Ukikatika, umepoteza kipande kimoja tu. Kernel hata kwa kina cha komiti 1 ni mamia ya mega, kwa hiyo hapo tafuta mtu aliye nayo tayari. Yeye anafanya `git bundle create mradi.bundle --all`, anaiweka kwenye flashi, wewe unafanya `git clone mradi.bundle`, kisha unaelekeza `origin` kwenye anwani ya kweli kwa `git remote set-url`. Flashi moja inaweza kulisha darasa zima.

Vifurushi vya Python: nenda mahali penye mtandao, `pip download -d vifurushi -r requirements.txt`, ukirudi nyumbani `pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt`. Hapa watu wanakwama mara mbili. Ya kwanza, ukipakua kwenye Windows ukaja kusakinisha kwenye Ubuntu, au Python ikiwa toleo tofauti, vifurushi vyenye kodi iliyokompailiwa vitakataa. Ya pili, mradi wenye `pyproject.toml` unapousakinisha kwa `pip install -e .`, pip inajenga chumba chake cha pembeni na kutafuta humo zana iliyoandikwa chini ya `[build-system]`. Isipokuwepo kwenye folda yako, kila kitu kinaanguka hata kama vingine vyote viko. Soma mstari wa `requires` na uipakue hiyo zana pia.

Usisakinishe kitu nje ya `python3 -m venv .venv`. Ubuntu za sasa zinakataa na kukuandikia `externally-managed-environment`. Ikilalamika juu ya `ensurepip`, kinachokosekana ni kifurushi cha `python3-venv`, kinatoka kwa apt.

Umeme. Ukikatika wakati Git inaandika, asubuhi unakuta `object file .git/objects/... is empty`. Usifute ripo. Kwanza nakili folda yote pembeni, halafu:

`find .git/objects -type f -empty -delete`
`git fetch -p`
`git fsck --full`

Vilivyokuwa kwenye seva vinarudi. Komiti ambayo haikuwahi kutoka kwenye mashine yako huenda ikapotea, ndiyo maana tawi, yaani mstari wako wa kazi ndani ya ripo, linasukumwa kwenye nakala yako ya GitHub kila usiku hata kazi ikiwa nusu. Kinga: `git config --global core.fsync all`, ipo tangu Git 2.36. Inapunguza kasi kidogo, lakini inahakikisha kilichoandikwa kimefika kwenye diski kweli.

Maman_Moodle · Bukavu

Mbona PHP ya mtoto mmeitupa jalalani? Moodle ni PHP. MediaWiki inayobeba Wikipedia ni PHP. Nextcloud, WordPress, zote. Dolibarr, programu ya ankara na stoki, ni PHP iliyozaliwa Ufaransa, na nyaraka za Kifaransa zipo tele. Birere anasema Kiingereza ni cha kusukuma: tiketi (ripoti ya kosa kwenye mradi) anaweza kuandika kwa msaada, lakini kusoma nyaraka kurasa 300 kwa lugha inayomchosha ni adhabu.

Dolibarr inamtosha pia kwa mashine: Apache, MariaDB, PHP, basi. Python ajifunze, sikatai. Lakini komiti ya kwanza ingeweza kutoka mwezi huu kwa lugha anayoijua, halafu Git aijue kwa mikono. Wengi wanaoshindwa hawashindwi lugha. Wanashindwa `rebase`, yaani kuhamishia komiti zao juu ya kodi mpya.

Yaya_Kadutu · Bukavu

Maman ana haki, na hilo la Git narudia. Mafunzo rasmi ya Python nayo yapo kwa Kifaransa, docs.python.org/fr, na nyaraka unaweza kuzipakua zote kwa zip. Kwa lugha nyingine, Zeal inakuwekea nyaraka kwenye diski. Kwa kuandika, Geany inatosha. Kihariri kizito kwenye GB 4 kinakula nafasi ya kivinjari.

Birere_243 · Goma

Aksanti sana wote. Nimeamua: pyxform kwanza, Python miezi 6, PHP siiachi. Nimepata tiketi yenye alama ya `good first issue`, ujumbe wa kosa usioeleweka. Nimebadilisha mstari mmoja tu, lakini Git inasema nimebadilisha mistari 600 na zaidi. Sijasukuma bado, naogopa. Tena juu ya faili imeandika hivi:

`old mode 100644`
`new mode 100755`

Hiyo sikuigusa kabisa!

Himbi_root · Goma

Ripo umeiweka kwenye sehemu ya diski ya Windows ukaifungulia Ubuntu, sivyo? Hiyo sehemu ni NTFS, mfumo wa faili wa Windows. Jinsi inavyofunguliwa, kila faili inaonekana kama programu ya kuendeshwa, kwa hiyo Git inaona ruhusa imebadilika kutoka 644 kwenda 755. `git config core.fileMode false` inanyamazisha, lakini dawa ya kweli ni kuhamisha ripo kwenye `/home` ya Ubuntu, kisha kurudisha ruhusa ya faili kwa `chmod 644`.

Yaya_Kadutu · Bukavu

Na mistari 600 ni miisho ya mistari. Kihariri cha Windows kimemalizia kila mstari kwa alama mbili, CR na LF, wakati mradi unatumia LF peke yake. Kwa macho faili ni ileile. Kwa Git kila mstari ni mpya. Hakikisha kwanza:

`git diff --ignore-space-at-eol --stat`

Ikishuka kutoka 600 hadi 1 au 2, ndiyo hiyo. `git ls-files --eol` nayo itakuonyesha `i/lf` upande wa Git na `w/crlf` upande wa faili yako. Halafu:

`sed -i 's/\r$//' jina_la_faili.py`
`git config --global core.autocrlf input`

Hiyo `input` ni ya Ubuntu. Upande wa Windows weka `true`. Bahati yako hujasukuma. Ungekuwa umesukuma, ungerekebisha kwa `git commit --amend` na `git push --force-with-lease`, si `--force` kavu, maana kavu inafuta na ya wengine.

Msimamizi akipokea ombi la mistari 600 kwa kazi ya mstari mmoja, halifungui. Hana namna ya kuuona mstari wako humo ndani.

Birere_243 · Goma

Nimehamisha kwenda `/home`, nimepitisha sed. Sasa inasema:

`1 file changed, 2 insertions(+), 1 deletion(-)`

Nisukume?

Yaya_Kadutu · Bukavu

Faili 1? Jaribio liko wapi, mdogo wangu?

Ndani ya folda ya `tests`, darasa la `PyxformTestCase` lina `assertPyxformXform`, inapokea fomu iliyochorwa kwa vistari, huna haja hata ya Excel:

`| survey |      |      |                 |`
`|        | type | name | label           |`
`|        | text | jina | Jina lako nani? |`

Chora fomu yenye kosa la kwenye tiketi, andika ujumbe mpya unaoutarajia. Kisha rudisha kodi ya zamani kwa `git stash push` na jina la faili ya kodi peke yake, uendeshe jaribio: lazima lianguke. Fanya `git stash pop`, liendeshe tena: lazima lipite. Likipita mara zote mbili, halipimi kitu.

Birere_243 · Goma

Limepita mara zote mbili.

Himbi_root · Goma

Betri imebaki ngapi? Fanya komiti kazi ikiwa hivyo ilivyo, sukuma kwenye tawi lako bila kufungua ombi, halafu bandika jaribio hapa tulione.