Makaa ya mawe ya Ngaka yakikosa soko, Mbinga tunabaki na nini?

MwanaLitembo: Wakuu, vita ya Ukraine ilipoanza 2022 makaa ya Ngaka yakawa dili, malori usiku kucha kuelekea bandari ya Mtwara. Lakini wenzetu huko Ulaya wanaachana nayo. Uingereza walizima mtambo wao wa mwisho wa umeme wa makaa Septemba 2024. Hoja yangu: kila tani inayotoka ikatwe kidogo, ziwekwe hela za kuwaandaa watu wa huku kabla mgodi haujafa. Mnaonaje?

Mzee wa Peramiho: Sawa, ila vijana wa Mbinga mmeyataka wenyewe. Mmetelekeza kahawa ya wazee mkakimbilia malori.

Mmatengo Halisi: Ushawahi kuchimba ngoro, mashimo yetu ya kilimo, mlimani kwa jembe la mkono wewe? Kahawa unapeleka leo, hela unaisubiri mpaka unakopa chumvi. Mdogo wangu ni tingo wa lori, anafunga turubai, analipwa kila safari. Nyumba ya mama ameiezeka bati yeye. Uvivu uko wapi?

Mzee wa Peramiho: Sijasema uvivu.

Mmatengo Halisi: Ni yaleyale!

Dada Songea: Jamani, mada si kahawa. Afrika Kusini walizima kituo cha umeme wa makaa cha Komati, Mpumalanga, Oktoba 2022. Benki ya Dunia iliidhinisha karibu dola milioni 500 za mpango huo. Waajiriwa wa Eskom, shirika lao la umeme, wakahamishiwa vituo vingine. Vibarua wa makandarasi na wafanyabiashara wadogo wa pale wakaachwa kwenye mataa. Kwetu hao ndio wengi: tingo, mama ntilie, mwenye gesti.

Kamanda Kusini: Wazungu wamechoma makaa zaidi ya miaka mia mbili, leo sisi ndio tuzime?

Dada Songea: Nani kasema tuzime? Mnunuzi akiacha kununua hatuulizwi.

Mmatengo Halisi: Mimi bado niko kwenye kahawa. Mche ukiupanda leo unakaa kama miaka mitatu ndiyo uanze kukupa kitu. Tingo aliyerudi nyumbani anakula nini muda wote huo? Hela za MwanaLitembo zifanye kazi hapo, mche pamoja na posho ya kusubiri.

Mzee wa Peramiho: Hapo umenena. Lakini azishike nani? Chama cha msingi cha ushirika kina majina ya wakulima, tingo hayumo.

MwanaLitembo: Basi aandikwe mzanini. Lori linapopimwa, majina ya dereva na tingo wake yaingie kitabuni pamoja na tani.